Hata msumari?

Tangu Jumapili sauti ya baba mdogo haijanitoka masikioni. Nilimpigia simu Tanga nikiwa na furaha tele, kwa maana fuwele nilizozisubiri kwa siku tatu zilikuwa zimejitokeza Jumamosi usiku: vijiti vyeusi vinavyometameta, vimetulia chini ya chupa katika maji ya rangi ya kahawia yanayonuka siki. Nikamweleza kwamba nimetengeneza sumaku ambayo kila molekuli yake ni sumaku peke yake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo sumaku yako inavuta nini?"

"Haivuti kitu, baba."

"Hata msumari?"

"Hata msumari."

"Haya. Mungu akusaidie," akasema, akaanza kuniuliza habari za baridi ya huku Florence, Italia.

Wiki hii nimehama chumba, nimewasilisha ripoti ya mwaka wa pili, na dada Neema amejifungua salama, lakini kila ninapolala ninalisikia lile "hata msumari?" Alilisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma, kwa sababu nauli yangu ya kwanza ilitoka katika kibanda chake cha kutengeneza redio.

Nimekuwa nikitunga majibu usiku kucha. Ningemwambia kwamba molekuli hiyo ni kishada cha atomu 12 za metali ya manganizi zilizofungwa pamoja kwa oksijeni, nne zikiwa katikati na nane zikizizunguka, huku asetati 16, vipande vitokanavyo na asidi ya siki, zikikivika kishada kwa nje ili kisishikane na jirani yake. Ningemwambia kwamba zile nane zinaelekeza usumaku wao upande mmoja na zile nne upande wa pili, hivyo spini, yaani kipimo cha usumaku wa atomu, 16 za zile nane zikipunguzwa 6 za zile nne zinabaki 10, kiasi kikubwa kwa kitu kidogo namna hiyo. Mwanakemia Tadeusz Lis aliielezea molekuli hiyo huko Polandi mwaka 1980, lakini ni katika mji huu ninaoishi ambapo wanakemia Roberta Sessoli, Dante Gatteschi na wenzao walionyesha, mwaka 1993, kwamba ukiipoza hadi karibu nyuzi 271 chini ya sifuri, ukaielekeza kwa uga wa sumaku (nguvu inayozunguka sumaku kubwa), kisha ukauondoa uga huo, molekuli hubaki imeelekea ulikoielekeza kwa miezi. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja ambalo lingemfaa mzee aliyeshika simu kibarazani.

Jana jioni, nikiwa ninaosha vyombo, nikakumbuka. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi, nikaweka kaseti ya taarabu juu ya spika iliyofunguliwa, naye akainyakua kama mtu anayeokoa kitu motoni. "Usiiweke hapo! Spika ina sumaku, itaufuta wimbo." Kisha akavuta utepe kidogo kwa ncha ya kalamu, akauinua kwenye mwanga wa mlangoni, nikauona ukiwa wa kahawia kama kutu. "Huu ni unga wa chuma," akasema. "Ndio unaokumbuka."

Nililia, ninakiri, na kilikuwa kilio cha faraja. Unga ule wa kwenye utepe hauokoti msumari, na yeye aliishi nao miaka yote akijua kwamba sumaku huweza kutunza kitu bila kuvuta chochote. Tofauti ni kwamba punje moja ya unga ule ina atomu nyingi mno, ilhali mimi ninataka molekuli moja itunze kumbukumbu yake. Baridi bado ni kikwazo kikubwa, ingawa mwaka 2018 molekuli yenye atomu moja ya metali ya disprosiamu ilitunza usumaku hadi karibu nyuzi 193 chini ya sifuri, yaani joto kidogo kuliko nyuzi 196 chini ya sifuri, ambapo naitrojeni huchemka.

Kesho nitampigia tena, nianze na shikamoo, kisha nimuulize kama ile kaseti bado ipo.