Kahawa ya Las Terrazas

Mwaka 2013 nilikuwa Havana, mji mkuu wa Kuba, kwa kozi ya udhibiti wa mbu. Yalipofika mapumziko ya katikati, mimi na mwenzangu mmoja wa Kisumu tukaona tutoke mjini. Havana ina raha zake, muziki mpaka alfajiri, ila sisi tulikuwa tumechoka na tulitaka mahali pa kulala bila kusikia gari. Wengi walitushauri Viñales, kwenye mashamba ya tumbaku. Mama mmoja wa maabara akasema kijiji cha Las Terrazas ni karibu zaidi, na huko milimani kulilimwa kahawa tangu zamani. Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa wa Bukoba. Sikuhitaji kusikia zaidi.

Barabara kuu ya kuelekea Pinar del Río ni pana ajabu, magari ya kuhesabu. Mikokoteni ya farasi inapita pembeni, na chini ya kila daraja kuna watu wamekaa kivulini wakingoja lifti, huku afisa mwenye sare ya njano akisimamisha magari ya serikali yenye nafasi ili awapakie. Baada ya kilomita 50 hivi tukachepuka kulia, tukaanza kupanda safu ya Sierra del Rosario, na joto likapungua mara moja.

Hoteli yenyewe inaitwa Moka, ilifunguliwa mwaka 1994, na ina vyumba 26 tu. Imekaa mlimani juu ya kijiji. Waliojenga hawakutaka kukata miti iliyokuwepo, kwa hiyo ukumbi wa mapokezi una mti mkubwa uliotokea sakafuni na kupasua paa kwenda zake juu. Niliushika shina. Kuta zina matundu ambako matawi mengine yanapita kama yalivyotaka. Chumbani kwangu beseni la kuogea liliwekwa kando ya dirisha refu la kioo, na nje ya kioo hakuna kitu ila msitu. Nilijaza maji, nikakaa humo mpaka giza likaingia, nikisikiliza vyura. Tangu nitoke nyumbani sikuwahi kupumzika vile. Usiku ule nililala fofofo.

Asubuhi tulipewa mzee wa kututembeza. Dada, akaniambia mwenzangu, ambaye Kihispania chake kilikuwa kizuri kuliko changu, huyu mzee anasema msitu huu wote ni mchanga kuliko yeye. Na kweli. Kabla ya mwaka 1968 vilima hivi vilikuwa vitupu. Wakulima wa kahawa walikata miti kwanza, kisha wafugaji, kisha wachoma mkaa, mpaka udongo ukabaki unaserereka na mvua. Serikali ikaanzisha mradi wa kurudisha msitu kwenye hekta 5,000. Walichonga matuta kukata mteremko na kupanda misaji, misonobari na mahogani, miti kwa mamilioni. Familia zilizokuwa zimetawanyika milimani zikichoma mkaa zilijengewa kijiji kando ya ziwa, kikafunguliwa mwaka 1971. Katikati ya miaka ya 1980 UNESCO ikaitambua Sierra del Rosario kuwa hifadhi ya biosfia, yaani eneo la maumbile linalolindwa huku watu wakiishi humo, ya kwanza nchini Kuba.

Mzee alikuwa miongoni mwa vijana waliopanda. Alisimama kwenye tuta moja, akapiga mguu chini. "Hapa palikuwa kipara, binti yangu. Mashimo tulichimba kwa mikono." Juu yake tocororo akaruka, ndege wa taifa la Kuba, mwenye tumbo jekundu, kifua cheupe na mgongo wa kijani. Mzee wala hakumtazama. Alikuwa anakagua mizizi ya msaji ulioanza kuinamia njia.

Halafu akatupandisha Buenavista.

Shamba hilo la kahawa lilianzishwa mwaka 1801 na Wafaransa waliokimbia mapinduzi ya watumwa kule Haiti. Nyumba ya bwana shamba imekarabatiwa na sasa ni mgahawa. Lakini mimi macho yangu yalikwenda kwenye viwanja vya kuanikia. Vimejengwa kwa mawe, kimoja juu ya kingine, vipana, vinatazama jua. Nilijua papo hapo kazi iliyofanyika pale. Kwetu kwenye kibanja tulianika kahawa na maganda yake kwenye mikeka, tukiigeuza kwa miguu ili ikauke pande zote, na wingu likitanda mama anapiga kelele wote tukaanue. Juu ya viwanja kuna kinu cha duara chenye gurudumu kubwa la kuzungushwa, kwa kukobolea maganda makavu. Mwenzangu akaniuliza kinavyofanya kazi. Nikamweleza mimi, mzee akitikisa kichwa kukubali.

Kando ya viwanja kuna misingi ya mawe, vyumba vidogo vidogo vimepangwa mstari. Humo walilala watumwa 126 wa shamba hili. Mtu angeweza kusimama mlangoni mwake na kuona kahawa yote aliyotakiwa kuigeuza kesho. Watumwa wa Kuba waliletwa kutoka sehemu nyingi za Afrika, wengi Kongo, na wengine mpaka Msumbiji, Wamakua ambao jamaa zao ni majirani zetu wa Mtwara. Niliingia katika chumba kimoja. Nikinyoosha mikono, vidole vilikaribia kuta zote mbili. Vimbunga vya 1844 na 1846 viliyabomoa mashamba mengi ya kahawa ya magharibi mwa Kuba, miwa ikachukua nafasi, na watumwa hawakuachiwa huru mpaka mwaka 1886.

Jioni tuliogelea mtoni San Juan, kwenye vidimbwi vya mawe, maji baridi na safi. Tulipita pia nyumba ya Polo Montañez kando ya ziwa, mchoma mkaa wa hukohuko aliyegeuka mwimbaji maarufu kabla ya kufa kwa ajali ya gari mwaka 2002. Kahawa tuliinywa kijijini kwenye mgahawa wa María, imekaangwa vizuri, chungu, ya kikombe kidogo. Nilirudia.

Niliporudi Havana nilimpigia baba. Habari za hoteli hakuzitilia maanani. Aliuliza viwanja vya kuanikia vina ukubwa gani, na kahawa ile ilikuwa ikipaliliwa na nani. Nikamwambia, nikamtajia idadi, na kwamba sikuona popote jina la hata mmoja wao. Akasema nimtajie tena shamba lenyewe, polepole, aliandike kwenye daftari lake la kahawa.