Makofi ya Omaha

Februari ile jimbo la Nebraska, Marekani, lilikuwa na baridi ya kupasua midomo, na zailofoni yetu, ala ya mbao zinazogongwa kwa virungu, ilikuwa imelala usiku kucha ndani ya gari la chuo. Tulipoishusha mbele ya kanisa, Omaha Kaskazini, mbao zake zilikuwa hazishikiki. Ala hii ikipigwa na baridi, sauti yake inaharibika kwa njia mbili zinazopingana. Mbao zinakaza, zinapanda kidogo. Hewa iliyomo kwenye mirija ya alumini chini ya mbao, ile inayokuza sauti, inashuka. Mbao na mrija wake vikishaachana hivyo, hata upige vipi inatoka sauti kavu, inakufa kabla hujaisikia vizuri. Mwalimu wetu akaagiza ala zote ziachwe ukumbini bila kuguswa mpaka zipate joto la nyumba, nasi tukaingia ibadani kusali na wenyeji.

Nilikuwa mwaka wa pili Marekani, nikisomea muziki, upande wa ala za kugonga. Kabla ya hapo nilikuwa nimejifunza ngoma na marimba kule Bagamoyo, kwa hiyo kushika virungu viwili hakukuwa kugeni kwangu. Kigeni kilikuwa muziki wenyewe. Februari kule ni mwezi wa kuadhimisha historia ya Wamarekani weusi, na chuo kilikuwa kimeandaa onyesho la ragitaimu. Mimi nilipewa zailofoni. Wenzangu wanne walinisindikiza kwa marimba mbili kubwa, wawili wawili kwenye kila moja.

Watu wakisikia ragitaimu wanafikiria piano, na wana haki, maana huko ndiko ilikokulia. Ni muziki wa Wamarekani weusi wa mwishoni mwa karne ya 19, miji ya Missouri ikiwa kitovu chake. Mtunzi Scott Joplin alichapishiwa kipande chake “Maple Leaf Rag” mjini Sedalia mwaka 1899. Mkono wa kushoto unakwenda kama gwaride, besi halafu jibu, besi halafu jibu, hautetereki. Mkono wa kulia unakataa kukaa kwenye pigo: unawahi, unachelewa, unashikilia noti pale ulipotarajia iachwe. Utamu wote uko kwenye huo mvutano. Mkono wa kushoto ukiyumba hata kidogo, wa kulia hauna tena kitu cha kuvutana nacho.

Zailofoni iliingia kwa mlango wa santuri. Kabla ya mwaka 1925 studio hazikuwa na maikrofoni. Mwanamuziki alipiga mbele ya pembe kubwa, na sauti yenyewe ndiyo iliyosukuma sindano ichonge nta. Fidla zilififia mbele ya pembe ile, ngoma kubwa zikaisumbua sindano, lakini zailofoni, kwa ukali wake na ukavu wake, ilipenya. Wapigaji wake wakawa watu maarufu. Aliyewapita wengi ni George Hamilton Green, mzaliwa wa Omaha hiyohiyo, mwaka 1893, aliyetunga vipande vyake mwenyewe vya ragitaimu na kuandika mafunzo ya zailofoni ambayo mpaka leo ndiyo tunayopewa vyuoni. Maikrofoni zilipokuja na mitindo ikabadilika, zailofoni ikasukumwa pembeni. Ilirudi jukwaani miaka ya 1970, wakati kundi la Nexus la Toronto lilipoanza kupiga vipande vya Green huku likisindikizwa na marimba. Mpangilio tuliotumia sisi ulifuata njia hiyo.

Nilimpenda Green tangu wiki ya kwanza. Mtu huyu aliijua mikono. Anakupa fungu la noti ambalo ukilitazama kwenye karatasi unaona haliwezekani, halafu ukilipiga kwa zamu aliyoikusudia, kulia, kushoto, kulia mara mbili, linatiririka lenyewe. Mbao za mstari wa chini unazipiga katikati, mahali zinapotoa sauti iliyojaa. Za mstari wa juu, zile za sauti za nusu, huna muda wa kuifikia katikati yake, kwa hiyo unazichapa kwenye ncha kabisa, upande ulio karibu nawe. Ukikosea kwa upana wa kidole unaangukia pale kamba inapopita kwenye tundu. Hapo ubao hautikisiki, na sauti haitoki. Mazoezi yangu ya usiku mwingi yalikuwa hayo tu: ncha, katikati, ncha, mpaka mkono uache kuuliza.

Tulichobishana ni mwendo. Mwalimu aliweka metronomu, kile chombo cha kuhesabia mwendo, kwenye mapigo 112 kwa dakika. Alikuwa amekua akisikiliza santuri za zamani na rekodi za Nexus, na alitaka ule mng’aro, ule msisimko wa kumwona mtu akifanya kisichowezekana. Kwa vipande vya Green sikuwa na neno. Vilitungwa kwa ajili hiyo. Ila “Maple Leaf Rag” kwa 112 ilinikaa kooni. Nilikuwa nimeona maktabani nakala za kazi za Joplin ambazo juu yake yeye mwenyewe alichapisha onyo: ragitaimu haipigwi haraka, kamwe. Nikampelekea mwalimu. Hakunipuuza. Alinieleza kwamba Joplin aliandikia piano, ambayo ina pedali na noti zake zinakaa. Ubao wa zailofoni ukishaupiga umekwisha, kwa hiyo ukienda taratibu unabaki na mashimo matupu kati ya noti. Ukienda kasi, sikio linaziunganisha. Ilikuwa hoja ya mtu anayeijua ala yake, na sikuwa na la kumjibu. Tukabaki na 112.

Omaha Kaskazini ndiyo sehemu ya mji ambako Wamarekani weusi walijenga maisha yao, na mtaa wa 24 ulikuwa na kumbi za muziki zilizopokea bendi kubwa za jazi. Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, alizaliwa Omaha, mwaka 1925. Kanisa lilikuwa la Wabaptisti, la matofali, na ibada ile sitaisahau. Kwaya iliimba watu wakiwa wamesimama, na makofi yalikuwa na nidhamu ambayo sikuwahi kuisikia kwenye ukumbi wowote wa chuo. Hayakuangukia pigo la kwanza. Yalikaa nyuma yake, mazito, mamoja, kutoka kwa mzee wa miaka themanini mpaka mtoto aliyebebwa. Mwenzangu wa marimba ya besi, kijana wa shambani kutoka magharibi ya Nebraska, alijaribu kufuata, akawa anaangukia upande wa pili. Mama mmoja aliyekaa jirani yake akamshika viganja vyote viwili, akampigisha mpaka akashika.

Baada ya ibada watu waliteremka ukumbini kwa chakula, na sisi tukapewa nafasi kwanza. Ala zilikuwa zimepata joto. Tulifungua na vipande viwili vya Green, na nasema kwa furaha kwamba vilikwenda vizuri. Watu walisikiliza kwa utulivu, wakatushangilia kwa ukarimu mkubwa. Lakini walisikiliza. Walikaa kwenye viti wakatazama mikono yangu.

Ndipo tukaingia “Maple Leaf Rag”. Doh, sauti ya msingi, ilikuwa Ab, kama Joplin alivyoiandika, mwendo 112. Sehemu ya kwanza ni ya hatua 16, yaani mafungu 16 ya mapigo, na inarudiwa. Tulipoanza kuirudia, bibi mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kofia ya zambarau, akaanza kupiga makofi. Aliyapiga pale marimba za juu zinapoijibu besi, kama nilivyosikia ibadani. Ila hakuyapiga kwa mwendo wetu. Alikuwa na mwendo wake, na aliushikilia huku akinitazama usoni. Waliokuwa pembeni yake wakaungana naye. Mstari wa pili ukafuata. Kisha yeye akapaza sauti, “Taratibu, mwanangu! Hatuna pa kwenda!” na ukumbi mzima ukamwitikia, kwa namna wanavyomwitikia mchungaji.

Bagamoyo nilifundishwa kwamba mpigaji wa ngoma anatazama miguu ya wachezaji, hatazami mikono yake. Mchezaji ndiye mwenye mwendo. Kwa miaka miwili Marekani nilikuwa nimepiga mbele ya watu waliokaa, na nilikuwa nimeacha kutazama. Sasa nikainua macho. Yule kijana wa besi alikuwa ameshaliona jambo kabla yangu. Alikuwa ameachia, taratibu, ndani ya hatua tatu au nne, besi yake ikikaa chini ya makofi ya watu, na wale watatu wengine wakatua juu yake. Nikashuka nao. Bado ninaamini tulikuwa karibu na 90.

Kuna mahali kwenye ile sehemu ya kwanza ambapo muziki unageuka ghafla, unakuwa wa huzuni kwa kitambo, na fungu lilelile la noti linapanda kutoka chini kwenda juu, oktava baada ya oktava. Kwa 112 lilikuwa mbio za ngazi tu. Kwa mwendo ule wa ukumbi, kila noti ilisimama peke yake ndipo nyingine ikaja, na yale mashimo ambayo mwalimu aliyaogopa hayakuwa matupu hata kidogo. Makofi yalikuwa ndani yake. Ubao wangu ulinyamaza, viganja mia moja vikajibu, ubao ukasema tena. Mvutano niliousoma vitabuni, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, nilikuwa nikiupiga sasa dhidi ya watu wazima na watoto waliokuwa mbele yangu, na hawakuyumba. Ningeweza kuchelewesha noti nitakavyo, wangekuwepo. Nilichelewesha, na nilisikia mtu akicheka kwa raha nyuma kabisa.

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa ameegemea ukuta karibu na mlango wa jiko, anapiga makofi, naye ameyapatia.

Sehemu ya tatu Doh inahamia Db. Tulipofika hapo, mpiga kinanda wa kanisa, mzee mrefu mwenye suti ya kijivu, aliinuka mezani bila kuombwa, akaenda kwenye piano ya ukutani iliyokuwa kwenye kona. Sauti yake ilikuwa imeachana kidogo na ya marimba zetu, lakini hakuna aliyejali. Aliijua “Maple Leaf Rag” kwa moyo. Mkono wake wa kushoto ukachukua besi pamoja na yule kijana, na wa kulia ukaanza kunijibu: nikisema kitu, anakirudia kwa maneno yake. Sehemu ya mwisho imeandikwa kurudiwa mara moja. Tulipoimaliza, mzee hakusimama, akairudisha mwanzo. Nikamfuata. Bibi wa kofia ya zambarau alikuwa amesimama sasa, amemshika mkono mjukuu wake, wanatembea mbele ya jukwaa kwa hatua ndefu za madaha, mgongo umenyooka, na wazee wengine wawili wakajipanga nyuma yao.

Tukairudia tena. Mchungaji akasimama mlangoni mwa jiko, akainua mikono yote miwili, akatangaza kwamba kuku anapoa. Ukumbi ukamwitikia “Amina!”, na mzee wa piano akanikonyeza, akatuingiza kwenye hatua 16 nyingine.