Daftari la Ami

Mei 6, 2020, katikati ya Ramadhani, Serikali ilitangaza kuufunga Mji wa Kale wa Mombasa kwa siku 15 kwa sababu ya korona: haingii mtu, hatoki mtu. Shida haikuanza siku hiyo. Ilituingilia tangu mwisho wa Machi, ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa. Waliokuwa wakiwatembeza wageni Fort Jesus, wauza vinyago, wapishi wa mahoteli ya Nyali na Bamburi, wote walirudi kukaa nyumbani, na kodi ya nyumba haikungoja.

Kilichoniuma zaidi ni picha. Wahisani walileta unga na mafuta, na naamini nia yao ilikuwa njema, lakini kila aliyepokea alisimamishwa na mfuko wake apigwe picha. Jirani yangu, mama wa watoto wanne, alifunga dirisha lori lilipofika. Mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyekuwa akituletea sinia la futari. Utamwambiaje mtu huyo asimame mbele ya simu na pakiti ya unga mkononi?

Sisi wanawake wa Kibokoni tulikuwa na chama cha kupeana pesa kwa zamu, shilingi 2,000 kila mwezi. Kukutana hakukuwezekana, tukawa tunajadiliana kwa WhatsApp: twende nyumba kwa nyumba? Tuandike majina? Bi Mkubwa wetu akatuma ujumbe wa sauti, mfupi: "Msimuulize mtu kama ana shida. Mwendeeni Ami."

Ami ndiye mwenye duka la kona, na daftari lake la madeni lilijua mengi kuliko orodha yoyote ambayo tungeandika. Alijua nani ametoka kwenye pakiti ya kilo mbili akaja kwenye robo, nani sasa anataka sukari ya shilingi kumi. Nilipompigia, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, anayekuja kukopa bado namuona. Namuogopea yule ambaye deni limemzidi, akawa apita kichochoro cha nyuma nisimuone." Sijasahau maneno hayo. Deni la unga lilikuwa limewafungia watu hata mlango wa duka.

Tukakubaliana: sisi tutume pesa, yeye afute madeni ya waliozidiwa, na asituambie ya nani. Mwenzetu mmoja alipinga. Pesa za watu ni amana, alisema, lazima tujue zimekwenda wapi. Hoja yake ilikuwa na uzito, na tulivutana usiku kucha hadi karibu na daku. Mimi nilisimama upande wa kutojua. Ukishajua umemlipia mtu unga, salamu yako kwake hubadilika hata ukijizuia, naye huisikia. Mwishowe tukakata kwamba Ami atatutumia jumla ya kila alichofuta, bila jina.

Aliyekuwa na zamu mwezi ule alikuwa ameziwekea pesa hizo harusi ya bintiye, ambayo ilikuwa imeahirishwa. Hakubembelezwa. "Chukueni," alisema. Safaricom ilikuwa imeondoa ada kwa M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000, basi kila mmoja wetu akamtumia Ami elfu moja mara mbili.

Ami hakungoja watu waje. Alimtuma kijana wake na unga na ujumbe kwamba hesabu imefungwa, karibuni dukani. Jioni moja jirani yangu aliniita kupitia ukuta wa ua.

"Ati nimelipiwa deni lote. Wewe wamjua aliyelipa?"

"Muombee dua, dada."

"Nimemuombea. Ila nataka kumjua, nami siku moja nimfae."

Nilijibu kwamba Mungu amjua. Kesho yake nilimuona akipita njia ya mbele, akisimama kumsalimu kila mtu, na Ami akimtania kuhusu bei ya nazi kama zamani.

Kufungwa kwa mji kuliongezwa hadi Juni 6. Ramadhani ya 2021 ilipokaribia, Bi Mkubwa aliniagiza nimuulize Ami kama daftari limejaa tena.

"Unga si mbaya sana mwaka huu," alinijibu. "Watu wakaa gizani. Lipieni tokeni za stima."

Tukaanza kuchanga usiku ule ule.