Kosa ambalo kompaila haikuliona

Programu ya ghala niliyorithi ilikuwa imeandikwa kwa Delphi 7, toleo la mwaka 2002 la zana ya kuandikia programu iitwayo Delphi, na bosi alitaka ihamie Delphi 2009. "Wiki moja inatosha, mzee," nikamwambia. Ulimi hauna mfupa.

Nilianza vibaya. Badala ya kusakinisha kwanza komponenti za ziada, yaani vipande vilivyotengenezwa tayari ambavyo programu ilivitegemea, nilikimbilia kufungua mradi. Kila fomu, yaani kila dirisha la programu, ikaniuliza: aina hii haijulikani, nipuuze niendelee? Nikabonyeza puuza, puuza, puuza, kama mtu anayefukuza nzi, kisha nikahifadhi. Onyo lilikuwa limeandikwa palepale kwamba ukipuuza, vitu vinaweza kufutwa. Nilipoifungua tena fomu ya ankara, jedwali la katikati lilikuwa limeyeyuka. Nashukuru nilikuwa nimenakili folda nzima kabla ya kugusa chochote. Pengine ndilo jambo pekee la akili nililofanya siku ile.

Komponenti ya kuchapa ripoti tulikuwa nayo kama faili za DCU tu, yaani zilizokwisha kupitishwa kwenye kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine); msimbo chanzo hakuna aliyejua ulipo. Faili hizo hazisomwi na kompaila ya toleo jingine. Nikaitupa, nikaandika ripoti upya. Wiki yangu moja ikaishia hapo.

Hatimaye kompaila ikapita. Maonyo yalikuwa mamia, karibu yote yakilalamikia maandishi kugeuzwa kutoka aina moja kwenda nyingine, ila kosa halikuwepo hata moja. Fomu zinafunguka, vitufe vinaitika, hesabu zinatoka. Nikamwita bosi aje aone. Hakujali fomu wala vitufe. Akatoa faili ya mwezi na kuipeleka kwenye mfumo wa uhasibu, kama alivyozoea.

"Bwana mdogo, mbona imekataliwa?"

Nikaifungua ile faili kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Mahali pa neno JUMLA palikuwa na 4A 00 55 00 4D. J, sifuri, U, sifuri, M. Herufi L na A hazikuwepo kabisa. Nikakaa nikiitazama kama mtu aliyeonyeshwa meno yake mwenyewe mkononi.

Mstari ulioiandika ulikuwa huu: Stream.Write(S[1], Length(S)), S ikiwa ndiyo maandishi yenyewe. Length huhesabu herufi. Write hutaka idadi ya baiti. Katika Delphi 7, herufi ya string (aina ya kuhifadhia maandishi) ni baiti moja, kwa hiyo hesabu hizo mbili zilifanana miaka yote na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzitofautisha. Kuanzia toleo la 2009 string ni ya Yunikodi, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote, herufi kama J inachukua baiti mbili, na mstari uleule ukawa unaandika nusu ya neno. Katika mamia yale ya maonyo, mstari huu haukuwa na hata moja, kwa sababu Write hupokea chochote unachokipa bila kuuliza ni cha aina gani.

Hapo dawa ilikuwa nyepesi: nikaigeuza S kuwa AnsiString, ile aina ya zamani ya herufi za baiti moja, kwa kuwa mfumo wa uhasibu ulitarajia faili ya zamani. Lakini sasa nilijua cha kutafuta. Nikapekua kila Move, kila FillChar, amri nyingine zinazohesabu kwa baiti, kila mahali palipokuwa na Length pembeni ya baiti.

Asubuhi bosi akauliza kama imekwisha. Nikamwonyesha karatasi: mistari 19 ya kukagua, 6 tu ikiwa na alama ya vema. Akavuta kiti.