Mstari umepanda

Leo hapa maabara, Colorado, Marekani, nimeganda mbele ya skrini.

Sampuli ilikuwa kinyesi cha kulungu. Vidonge vyeusi, vikavu, ungedhani ni vya mbuzi wa nyumbani. Kulungu mwenyewe alionekana mzima kabisa, amenawiri.

Tulikuwa tunatafuta ugonjwa unaokondesha kulungu hadi kufa, ulioonekana mara ya kwanza jimbo hili hili, mwaka 1967. Hauletwi na bakteria wala virusi. Ni prioni: protini iliyojikunja vibaya, inayozigeuza zile nzima ziwe kama yenyewe.

Kwenye kipimo tunachanganya sampuli kidogo na protini nzima, mashine inatikisa kwa saa nyingi. Prioni ikiwemo, rangi maalumu inaanza kung'aa.

Iking'aa, mstari kwenye skrini unapanda.

Ukapanda. Moyo ulinienda mbio jamani.

Maana kuchemsha hakuiui prioni, na udongo wa mfinyanzi unaishika kwa miaka. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata ugonjwa huu, lakini kulungu mwingine atakula majani palepale.

Wafugaji na madaktari wa mifugo mlio humu: mnyama akifa kwa ugonjwa msioujua, mzoga na samadi yake mnavifanyaje huko kwenu? Niambieni, nasoma yote.