Albamu ya kwanza ya RAYE, na mahali ambapo uhuru wake unasikika

Tarehe 3 Februari 2023 mwimbaji wa Uingereza anayejulikana kwa jina la RAYE alitoa My 21st Century Blues, albamu yake ya kwanza, akiwa hayumo chini ya lebo yoyote kubwa. Wengi walioizungumzia kazi hiyo wameshikilia kisa cha msanii aliyeibwaga kampuni, na sikatai kwamba kisa hicho kinavutia. Hata hivyo, naamini jambo kubwa zaidi limo ndani ya nyimbo zenyewe, kwa sababu ukiisikiliza albamu hii kwa utulivu tangu mwanzo hadi mwisho unatambua, mahali baada ya mahali, pale ambapo mtu wa ofisini angetikisa kichwa na kuomba wimbo ubadilishwe, na mara nyingi hapo ndipo albamu inapopata nguvu zake.

Jina lake halisi ni Rachel Agatha Keen. Alizaliwa mwaka 1997 na kukulia kusini mwa London, baba yake akiwa Mwingereza na mama yake akiwa na asili ya Ghana na Uswisi, na alipita katika BRIT School, chuo cha sanaa kilichowalea wasanii wengi wa nchi hiyo, ingawa aliondoka kabla ya kumaliza. Mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 17, alisaini mkataba wa albamu nne na Polydor, lebo iliyo chini ya kampuni kubwa ya muziki ya Universal. Miaka iliyofuata sauti yake ilisikika kila mahali, lakini karibu kila mara ilisikika katika nyimbo za kucheza zilizobeba jina la mtu mwingine mbele ya lake: alishirikiana na di-jei Jax Jones katika wimbo uliofika nafasi ya tatu kwenye chati ya Uingereza, akashirikiana na Jonas Blue, na mwaka 2021 akafika tena nafasi ya tatu pamoja na Joel Corry na David Guetta. Kando ya hayo aliwatungia wengine, Beyoncé akiwa miongoni mwao. Albamu yake mwenyewe haikutoka.

Juni 2021 aliandika hadharani kwenye Twitter kwamba amekuwa katika mkataba wa albamu nne tangu 2014 na hajaruhusiwa kutoa hata moja. Wiki chache baadaye ilitangazwa kwamba yeye na Polydor wameachana.

Ili kuelewa kwa nini msanii anayeuza nyimbo anaweza kuzuiwa kutoa albamu, ni lazima kuangalia namna lebo kubwa inavyopiga hesabu zake. Lebo humpa msanii malipo ya awali na kugharamia studio, video na matangazo, kisha inajirudishia fedha hizo kutoka katika mapato ya msanii kabla yeye hajaanza kupokea mgawo wake wa mauzo. Katika mikataba ya aina hiyo rekodi zenyewe kwa kawaida huwa mali ya lebo. Singo, yaani wimbo mmoja unaotolewa peke yake, ya kucheza na iliyoshirikisha di-jei maarufu inagharimu kidogo na inarudisha fedha haraka. Albamu nzima ya mwimbaji ambaye bado hajajulikana kwa sura na kwa jina inahitaji fedha nyingi zaidi, na faida yake haina uhakika. Kwa hiyo kila singo hugeuka kuwa mtihani wa kuamua kama albamu inastahili kugharamiwa, na mtihani ukipita, mwingine hutungwa. Mkataba unamfunga msanii asirekodi kwa ajili ya kampuni nyingine, ilhali kampuni yenyewe mara nyingi haina tarehe inayoilazimisha kutoa kazi yake. Sioni haja ya kumtafuta mtu mbaya katika habari hii, kwa kuwa mfumo uliojengwa hivyo unaweza kumkalisha msanii benchi kwa miaka saba hata kama kila aliyemo ofisini anampenda.

Baada ya kutoka, RAYE hakuanza kubeba sidii mkononi kutoka duka hadi duka. Aliingia makubaliano na Human Re Sources, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na J. Erving, ambayo hufanya kazi ya usambazaji na kumwachia msanii umiliki wa rekodi zake. Hapa panahitaji uangalifu, maana Human Re Sources ilikwisha kununuliwa na The Orchard, kampuni ya usambazaji wa muziki, na The Orchard ni ya Sony, mojawapo ya kampuni kubwa za muziki. Wapo wanaosema kwamba kwa sababu hiyo neno "huru" halimfai. Siafikiani nao. Mkulima anayekodi lori kupeleka mazao sokoni hawi sawa na mkulima aliyeuza shamba lake, hata kama lori na shamba hilo vinamilikiwa na tajiri mmoja. Anayesambaza hukata asilimia yake kwa kazi aliyoifanya, bila kuwa na kauli juu ya wimbo upi uingie, uwe na urefu gani na uimbwe kwa hasira kiasi gani. Kauli hiyo ndiyo iliyorudi kwa RAYE, na ndiyo ninayoisikia katika albamu.

Tuanze na jinsi ilivyopangwa. Ina vipande 15, na majina yote yameandikwa na nukta mwishoni, kana kwamba kila wimbo ni sentensi iliyokwisha kusemwa na haitarudiwa. Kipande cha kwanza si wimbo kamili bali ni mkaribishaji anayemwita mwimbaji jukwaani, kama ilivyokuwa desturi katika kumbi za jazi, na kipande cha mwisho ni shukrani kwa msikilizaji. Kati ya milango hiyo miwili mna soul, hip-hop, muziki wa kucheza, bluzi, na kwaya yenye ladha ya injili. Mtu aliyezoea kuuza muziki angeuliza albamu hii iwekwe katika rafu gani. Aliyeitunga hakulijali swali hilo, na mwaka 2023 msikilizaji naye hakuwa na rafu. Alikuwa na simu. Kinachozishikanisha nyimbo hizi ni sauti ya mtu mmoja anayesimulia mambo yake kwa mpangilio alioutaka yeye, akisaidiwa kwa sehemu kubwa na prodyuza mmoja, Mmarekani Mike Sabath. Kwa maoni yangu uamuzi wa kufanya kazi kwa ukaribu na mtu mmoja ulikuwa na uzito kuliko fedha yoyote ya matangazo, kwa sababu albamu za kampuni kubwa mara nyingi hupitia mikono ya maprodyuza wengi mno hadi mwimbaji anaonekana mgeni katika kazi yake mwenyewe.

Wimbo uliofungua milango ni Escapism, alioimba pamoja na mwimbaji wa Marekani 070 Shake na kuutoa Oktoba 2022. Ni vigumu kufikiria wimbo usiofuata kanuni za singo kama huu. Unazidi dakika nne na nusu wakati nyimbo nyingi za pop zilikuwa zimepungua hadi kukaribia dakika tatu au chini yake. Ngoma zake ni nzito na zinapigwa huku nyuzi zikilia nyuma yake, na RAYE haimbi sana katika beti, bali anazungumza kwa kasi, maneno yakigongana, akisimulia usiku wa mwanamke aliyeachwa anayezamisha maumivu yake katika pombe, dawa na mikono ya mtu asiyemjua. Hakuna anayepewa fundisho. Kisha, karibu na mwisho, mwendo unapungua, fahari ya mwanzo inamtoka, na unabaki na mtu aliyechoka ambaye sauti yake sasa inaimba kweli. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoamini ingekatwa kwanza kama wimbo ungepelekwa kupunguzwa kwa ajili ya redio, na bila hiyo masimulizi yote yaliyotangulia yangekuwa majigambo tu ya usiku wa starehe.

Watumiaji wa TikTok waliuchukua wimbo huo, wakauharakisha na kuueneza, na wiki baada ya wiki ukapanda hadi Januari 2023 uliposhika nafasi ya kwanza nchini Uingereza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kileleni, baada ya miaka yote ile ya kushirikishwa katika nyimbo zilizotengenezwa mahususi ili zifike huko. Nchini Marekani uliingia miongoni mwa nyimbo 25 za juu katika chati ya Billboard Hot 100.

Lakini wimbo ninaoona umebeba albamu ni Ice Cream Man. Umewekwa nafasi ya nane kati ya vipande 15, yaani una vipande saba kabla yake na saba baada yake, na sidhani kama hilo limetokea kwa bahati. Muziki wake ni mwepisi, karibu wa kubembeleza. Juu ya muziki huo RAYE anaeleza jinsi alivyodhulumiwa kingono, akianza na mwanamume wa studio aliyemwendea kwa ajili ya kazi, na anaeleza bila kupamba na bila kupiga kelele, akitaja alichofanyiwa na alivyojilaumu, mpaka anapojisimamisha tena kama mwanamke asiyekubali kupewa umbo na waliomdhuru. Utulivu wa sauti ndio unaoumiza. Mwimbaji mwenye mapafu kama yake angeweza kuupandisha wimbo huo hadi kileleni na kutupatia nafuu ya machozi, lakini amejizuia, na ukweli wa jambo lenyewe unabaki mbele yetu. Ni wimbo unaozungumzia chumba kile kile ambamo nyimbo hutengenezwa, na ndiyo maana siwezi kuutenganisha na suala la nani anayemiliki rekodi. Mtu anaweza kusimulia yanayotendeka ndani ya nyumba kwa namna nyingine kabisa anapokuwa hana tena mwenye nyumba.

Nyimbo nyingine zinafuata ujasiri huo kwa viwango tofauti. Hard Out Here ni hasira iliyoelekezwa kwa wakubwa wa biashara ya muziki. Body Dysmorphia inazungumzia mtu anayeuchukia mwili wake, na midundo yake inabana kifua. Mary Jane inahusu uraibu, nayo imeimbwa kama wimbo wa mapenzi, jambo ambalo linatisha kadiri unavyozidi kusikiliza. Environmental Anxiety ina nia njema, ila naona inataja matatizo mengi kwa haraka mno na haikai na hata moja. Five Star Hotels, alioimba na mwimbaji mwenzake Mahalia, ni mzuri wa kusikiliza, lakini ungeweza kuwa wa mwimbaji mwingine yeyote mwenye sauti nzuri, na katika albamu ambayo karibu kila kitu kina alama ya mtu mmoja, upungufu huo unaonekana haraka.

Albamu ilifika nafasi ya pili nchini Uingereza, nyuma ya ile ya Shania Twain iliyotoka siku hiyo hiyo, na baadaye iliingia katika orodha ya kazi zilizoshindania Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka. Septemba 2023 RAYE aliiimba katika ukumbi wa Royal Albert Hall akiwa na okestra na kwaya, na tamasha hilo likatolewa kama albamu ya moja kwa moja. Naipendekeza kwa yeyote anayedhani nyimbo hizi zilibebwa na mtandao. Escapism inastahimili kuondolewa ngoma zake za mashine na kuvalishwa vinanda vya ukumbi mzima bila kupoteza mshipa hata mmoja.

Tarehe 2 Machi 2024, katika tuzo za BRIT, tuzo kuu za muziki za Uingereza, aliondoka na tuzo sita, ikiwemo ya albamu ya mwaka, wakati idadi kubwa zaidi iliyowahi kutwaliwa usiku mmoja ilikuwa nne, iliyowekwa na bendi ya Blur mwaka 1995 na kufikiwa baadaye na Adele na Harry Styles. Alikuwa ametajwa mara saba, na ile moja aliyokosa ilikuwa katika kundi la wimbo wa mwaka, ambako nyimbo zake mbili zilishindana zenyewe kwa zenyewe. Alimpandisha jukwaani bibi yake, Agatha, ambaye jina lake analibeba.

Kati ya tuzo hizo, ya mtunzi wa mwaka ndiyo inayonihusu zaidi, kwa kuwa inarudisha macho kwa watu ambao hata mkataba mbaya hawana. Mtunzi anayemwandikia msanii mwingine hupata mirabaha ya utunzi, yaani malipo kila wimbo unapotumika, na katika zama za kusikiliza mtandaoni sehemu hiyo ni ndogo ikilinganishwa na inayokwenda kwa mwenye rekodi. Akiingia studio na wimbo usitoke, anaweza kurudi nyumbani bila chochote. RAYE aliyapitia hayo kabla ya kuwa nyota, na baada ya kufanikiwa ameendelea kudai kwamba watunzi wapewe mgawo katika mapato ya rekodi. Mwaka 2025 lebo kubwa za Uingereza zilikubali hatua kadhaa za malipo, ikiwemo posho ya paundi 75 kwa siku kwa mtunzi anayeitwa kufanya kazi studio. Posho hiyo inalipa nauli na chakula. Mgawo katika rekodi, ambao ndio uliodaiwa, ni suala jingine, na kwa wale wanaotunga vibao vya wenzao bado unategemea hisani ya kila msanii na mkataba wake.