Macho yalipogeuka njano baada ya kuanza ARV

Nilianza dawa za VVU wakati CD4, yaani seli za kinga ya mwili, zikiwa 84, na vipimo vya siku hiyohiyo vikaonyesha nina homa ya ini B pia. Nikapewa TLD, kidonge kimoja kwa siku. Nesi wa CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, alinieleza kwamba ndani yake mna tenofovir na lamivudini, ambazo hubana VVU na virusi vya homa ya ini vilevile. Maelezo hayo ndiyo yaliyoniokoa baadaye.

Wiki kadhaa mbele, nguvu zikiwa zimeanza kurudi, macho yakawa njano, mkojo kama chai ya rangi, na chakula nikakikinai. Mke wangu akaingiwa na hofu: "Baba Asha, hizo dawa zinakuua. Ziache kwanza upumue." Nikamwambia twende kliniki kesho yake, na usiku ule nikameza kidonge kama kawaida.

Kipimo cha ini, ALT, kilipita 400, wakati kwa kawaida hakizidi 40 hivi. Daktari aliniuliza kuhusu pombe, mitishamba na dawa nyingine, akapima na kuganda kwa damu. Aliporidhika, akanifafanulia: virusi vya homa ya ini B vyenyewe si vinavyoua seli za ini. Kinga ya mwili ndiyo huzishambulia seli zilizoambukizwa. Kinga yangu ilipokuwa chini, virusi vilizaliana bila kusumbuliwa na ini likanyamaza. CD4 zilipopanda, mapambano yakaanza. Kuacha TLD wakati ule kungeviachia virusi vyote viwili.

Nikaendelea, huku nikipimwa damu mara kwa mara. Niliagizwa nikimbilie hospitali nikichanganyikiwa, nikivimba tumbo au nikitoka damu ovyo. Pombe sikugusa. Unga wa mizizi alioniletea jirani niliurudisha kwa shukrani. Ini lililochoka halihitaji kitu kisichojulikana. Nilikula kidogo kidogo, uji na ndizi.

ALT ilishuka taratibu hadi kawaida, na VVU havionekani tena kwenye damu. Kipimo cha HBsAg, kinachoonyesha kama homa ya ini B bado imo mwilini, bado ni chanya, kwa sababu virusi hivi huacha mbegu yake ndani ya kiini cha seli ya ini, mahali ambapo dawa haiifikii. Wachache huwa hasi kabisa, nami natamani sana niwe mmoja wao. Mke wangu alipimwa, akakutwa salama, akachanjwa dozi zote 3. Mimi hupigwa ultrasaundi ya ini kila miezi 6, na mtu akitaka kunibadilishia kidonge, namuuliza kwanza kama tenofovir imo.